Nani Kasema Jumla ni Katoni Kumi?

Pitia maduka ya mtandaoni yanayouza Unguja na Pemba, pitia na kurasa za wauzaji wa Kariakoo wanaopakia mizigo botini, utakutana na jedwali lile lile. Pisi moja mpaka tano, bei hii. Sita mpaka kumi na moja, bei imeshuka kidogo. Dazeni na kuendelea, jumla. Wenye mbwembwe wameongeza ngazi ya nne ya katoni kumi. Ukiuliza kwa nini ngazi zimepangwa hivyo, jibu ni fupi: anayechukua vingi apunguziwe, biashara ndivyo ilivyo tangu enzi za wazee.

Sivyo. Mteja wa jumla ni yule anayenunua ili auze tena. Wingi wa oda moja ni dalili tu ya jambo hilo, tena dalili dhaifu, na duka linalopanga bei zake kwa dalili hiyo peke yake linampunguzia mtu ambaye hatarudi na kumtoza zaidi yule anayeliweka hai mwaka mzima. Anayetaka kuliona hilo kwa macho aende Makoongwe.

Makoongwe ni kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, Pemba. Ukishuka boti ya Unguja pale bandarini unakiona ng'ambo. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na bidhaa ya dukani isiyotoka baharini wala shambani imevushwa kwa chombo. Sukari, unga, sabuni, ndara, khanga, betri za tochi, vyote vimebebwa begani mpaka majini na kutolewa majini kwa bega. Mwenye duka wa huko anajua kwa tarakimu kitu ambacho muuzaji wa mjini anakijua kwa kusikia: kila mzigo una nauli, na kila mzigo unaokaa rafuni ni mtaji uliolala.

Pesa nayo haiji kule kwa mwisho wa mwezi. Katika Pemba inakuja na bahari na mashamba. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza; mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti kitu. Wakulima wa mwani hushughulika wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Karafuu zikianikwa majumbani, mikononi kuna kitu. Msimu ukipita, watu wanaandikiwa kwenye daftari. Mwenye duka anayenunua kwa akili hununua kidogo na mara kwa mara, akifuata mkondo huo. Akinunua kwa mujibu wa jedwali la dazeni, atakuwa na shehena dukani siku ambayo wateja wake hawana hata mia.

Tuchukue khanga, maana hapo ndipo jedwali linapoumbuka zaidi. Tuseme mwenye duka wa Makoongwe huagiza doti tano mara mbili kwa mwezi. Mwaka ukitimia amechukua doti 120. Upande wa pili kuna familia ya mjini Unguja ina harusi, inataka sare. Inaagiza doti 30 za jina moja, mara moja, na haionekani tena mpaka binti mwingine aolewe. Jedwali linasemaje? Familia ya harusi imepata jumla. Mwenye duka, mwenye doti 120, amelipa rejareja mwaka mzima, kama mtu anayejinunulia vazi lake. Halafu tunashangaa kwa nini khanga ile ile ni ghali zaidi visiwani, na wa kwanza kulaumiwa ni yeye: ana tamaa, anawalalia wenzake.

Kuna jambo dogo zaidi ndani ya hilo. Maduka mengi yanahesabu dazeni ya aina moja. Doti kumi na mbili za jina moja, la sivyo hupati bei. Aliyeweka sharti hilo hajawahi kuuza khanga kwenye kisiwa ambacho wanawake wote wanakutana kwenye maji, kwenye arusi na kwenye maziko. Mnunuzi wa kule anataka jina ambalo jirani yake hana, hasa kama jina lenyewe limekusudiwa jirani huyo huyo. Mwenye duka anayejua kazi yake anachukua majina matano tofauti, doti moja moja. Kumlazimisha abebe dazeni ya jina moja ni kuwaagiza wanawake kumi na wawili wavae sare pasipo harusi. Kisha programu ya duka inamwita mteja mdogo.

Najua hoja watakayonijibu nayo, nayo ina uzito. Watasema: oda moja ya doti 30 nafunga mara moja, naandika risiti mara moja, napeleka bandarini mara moja. Oda 24 za doti tano nafunga mara 24. Kazi si sawa, kwa hiyo bei isiwe sawa. Kweli kabisa. Lakini gharama hiyo ni ya kufunga na kusafirisha. Haikuongezeka kwenye khanga, na haina sababu ya kujificha ndani ya bei ya khanga. Kila programu ya duka la mtandaoni ina mahali pa bei ya bidhaa na mahali pa gharama ya kupeleka, na mahali hapo pawili palitengwa kwa makusudi. Toza ufungaji na nauli vilivyo, kwa kila mzigo, hadharani. Mwenye duka wa Makoongwe hatalalamika. Yeye mwenyewe hulipa chombo kwa kila safari, na anajua tofauti ya kulipia usafiri na kulipia udogo wake. Akiona kwamba kuunganisha oda mbili kunamwokolea nauli, ataunganisha. Akiona bahari imechafuka, atangoja. Mpe hesabu, usimpe adhabu.

Tena wanaopenda hoja ya gharama huwa wanasahau gharama iliyo kubwa kuliko kamba na gundi, nayo ni kumpata mteja. Pesa inayomwagwa Instagram kila wiki ili familia ya harusi ilione duka ni pesa nyingi. Mteja anayerudi mara 24 kwa mwaka hakutangaziwa kitu. Alikuja mara ya kwanza, mara nyingine zote amekuja mwenyewe. Kama tunataka kupima bei kwa gharama, tupime zote. Nina hakika wengi wakipima zote, jedwali litageuka juu chini.

Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1936 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Robinson-Patman, baada ya wenye maduka madogo kupiga kelele kwamba kampuni zenye maelfu ya maduka, A&P ikitajwa kuliko zote, zilikuwa zikipewa na wazalishaji bei ambayo duka la mtaani halikupewa hata kuisikia. Sheria hiyo haikukataza punguzo kwa anayenunua vingi. Ilimtaka muuzaji aweze kuonyesha kwamba tofauti ya bei inatokana na tofauti ya gharama ya kweli ya kutengeneza, kuuza au kupeleka, na si kwa sababu mmoja ana misuli na mwingine hana. Ililala miaka mingi bila kutumiwa sana, mpaka Desemba 2024 tume ya biashara ya nchi hiyo ilipomshitaki msambazaji mkubwa wa vileo, Southern Glazer's, ikidai anawatoza wenye maduka madogo zaidi. Sisemi tuige sheria ya watu. Nasema hata pale ambako ubepari umelelewa, neno "wingi" halikukubaliwa kuwa jibu la kila swali.

Na huku kwetu? Wanaosema "tangu enzi za wazee" wanakumbuka nusu ya habari. Ni kweli, nguo ziliuzwa kwa doti, kwa korija na kwa robota, na kila ngazi ilikuwa na bei yake. Lakini hao hao matajiri wa pwani walikuwa na mali kauli. Mchuuzi alichukua mzigo kwa neno lake, akauze, arudishe. Tajiri hakumwangalia ana pesa ngapi mkononi asubuhi ile; alimwangalia ni nani, anauza wapi, na mara ya mwisho alirudi siku ngapi baadaye. Hiyo ni bei na imani inayofuata mtu na mwenendo wake. Tumekuja na kompyuta inayoweza kukumbuka kila oda ya kila mteja tangu siku ya kwanza, tukaitumia kuhesabu pisi za leo tu, ikawa na kumbukumbu fupi kuliko mzee wa Darajani aliyekuwa na daftari na kalamu ya risasi.

Watanikumbusha ya Kenya. Copia, iliyowahudumia watu wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria Mei 2024. MarketForce ikafunga RejaReja mwaka huo huo, jukwaa lililowauzia wenye maduka wadogo. Wasoko, iliyoanza kwa jina la Sokowatch na mwaka 2022 ikawa mshirika wa Serikali ya Zanzibar katika mpango wa Silicon Zanzibar, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024. Basi, wanasema, unaona? Kumbembeleza mwenye duka mdogo kunaua.

Naona kingine. MarketForce walieleza wenyewe kwamba faida ilikuwa nyembamba mno na vita vya bei havikuvumilika. Waliokuwa katika biashara hiyo walikuwa wakikatana bei ili kila mmoja aonekane mkubwa kuliko mwenzake, na wengine walipeleka mizigo midogo bila kutoza nauli, kana kwamba petroli inaokotwa. Hapo kosa ni kutoitenga nauli na bei, yaani lile lile ninalolipinga, ila limegeuzwa upande wa pili: jedwali letu linaificha nauli ndani ya bei ya mnyonge, wao waliificha ndani ya mtaji wa wawekezaji. Mwenye duka hakuwafilisi. Aliagiza walichomwambia aagize.

Nije kwenye ugonjwa wa pili, ambao ni pacha wa huu: "Bei ya jumla njoo inboksi." Utetezi wake ni kwamba wateja wa kawaida wakiona kuna watu wanalipa chini watanuna, watahama. Wenye kusema hivi wanapanda boti gani? Anayekwenda Pemba kwa boti anakuta nauli ya mwenyeji na nauli ya mgeni, tena madaraja ya viti juu ya hayo, na orodha haikufichwa. Mgeni anaona kwamba analipa zaidi, na anajua kwa nini: pasipoti. Angalia na karafuu. ZSTC, shirika la Serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, hutangaza bei kwa daraja, la kwanza, la pili, la tatu. Kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000, na mtu aliyeleta kilo tano alijua kwamba aliyeleta magunia anapata 14,000 hiyo hiyo kwa kilo, mradi karafuu zao ni sawa. Kuna mengi ya kubishana juu ya mnunuzi kuwa mmoja, lakini si leo. Ninachotaka hapa ni kwamba Mpemba amekulia katika bei za madaraja zilizo wazi, na hazijamtia wazimu. Kinachomuudhi mtu ni kukuta mwenzake kapewa bei nyingine kwa sababu alijua kubembeleza.

Natofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji wanavichanganya. Kuificha tarakimu kunaweza kuwa na sababu; mwenye duka wa Makoongwe naye hapendi wateja wake waione bei aliyonunulia, na ana haki. Aingie kwa namba yake ya simu aione bei yake, wengine wasiione. Lakini kanuni ya kuingia katika ngazi hiyo isifichwe. Iandikwe mlangoni: ukinunua ili uuze, ukafanya hivi na hivi, bei yako ni ya ngazi hii. Kanuni ikiwa ndani ya inboksi, bei inakuwa ya mwenye mdomo, na mawinga wanapata pa kujipenyeza. Mtu wa kisiwani anaishia kulipa kwa mtu wa kati aliyemwombea tu bei ambayo angestahili.

"Kila mtu atajiita mwenye duka." Hofu hii nimeisikia sana, na dawa yake inayopendwa ni mbaya kuliko ugonjwa: tuma leseni, tuma namba ya mlipakodi, tuma picha ya duka lenye kibao. Mwenye leseni kubwa na kibao cha taa si yule ninayemzungumzia. Wachuuzi wengi wa visiwani wanauza barazani, kwenye meza, kwenye kapu. Wengine watadai barua ya sheha. Sheha ana kazi za kutosha bila kuthibitisha wauza ndara. Mwenendo ndio uthibitisho. Anayerudi mara ya tatu ndani ya siku 30 na kuchukua mchanganyiko wa bidhaa hajinunulii mwenyewe. Hakuna nyumba inayovaa ndara za saizi sita tofauti kila mwezi. Hesabu jumla ya manunuzi ya siku 60 au 90 badala ya oda ya leo, mpandishe ngazi mwenyewe bila yeye kuomba, na akikaa kimya msimu mzima ashuke. Mdanganyifu atakayejitahidi kununua mara tatu kwa mwezi ili apate bei ya mchuuzi, mpe. Amekwisha kuwa mteja wako bora.

Kuhusu vyombo sina mengi. WooCommerce humtia kila mteja aliyejisajili katika kundi, na kuna programu za kuongezea zinazoruhusu kila kundi liwe na bei yake na kiwango chake cha chini cha oda. Asiye na tovuti, na hao ndio wengi, ana WhatsApp Business, ambayo ina lebo za kuwatia wateja alama na orodha ya kutuma ujumbe kwa watu mpaka 256 kwa mpigo. Katalogi yake inabeba bei moja kwa kila bidhaa, basi weka ya rejareja humo, na ya wachuuzi itume kwa wenye lebo yao kila Jumamosi. Ila kumbuka ujumbe wa orodha hiyo haumfikii asiyeihifadhi namba yako. Ngazi mbili zinatosha, tatu zikizidi. Nimeona duka lenye ngazi saba; hata mwenyewe alikuwa akizitafuta kwenye karatasi.

Ngazi hizo zipigwe hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Usianze na bei uliyonunulia ukaongeza asilimia. Anza na bei ambayo khanga au sabuni inauzika Makoongwe, toa nauli ya chombo, toa makato ya kutuma pesa kwa simu, ambayo kwa kiasi kidogo huuma zaidi kuliko kwa kikubwa, toa faida inayomfanya mtu afungue duka asubuhi. Kinachobaki ndicho unachoweza kumdai. Kikiwa chini ya gharama zako, bidhaa hiyo haiuziki kule kupitia kwako, na ni bora ujue mapema. Kwa wanaovusha mizigo kutoka Bara, kodi nayo isemwe wazi kama imo ndani ya bei au haimo. Kiwango cha kawaida cha VAT Bara ni asilimia 18 na Zanzibar ni 15, na bei ya jumla isiyosema hilo ni kitendawili.

Halafu kuna dhambi ambayo wauzaji wa mtandaoni wanaifanya kwa kujisifu: "Tunauza bei ya jumla hata kwa pisi moja!" Inasikika kama ukarimu. Maana yake ni kwamba umemuuzia mwenye duka khanga tano jana, na leo unamwonyesha mteja wake, kwenye simu ile ile, bei ile ile. Watu wa Makoongwe wana simu. Dada anayesimama mbele ya kaunta akiwa na simu mkononi anauliza kwa nini hapa imezidi, na mwenye duka hana jibu, kwa sababu jibu analo aliyemuuzia. Akimaliza doti hizo tano hatarudi kwako, wala usimtafute. Bei ya rejareja ya mtandaoni lazima imwachie nafasi ya kuishi yule uliyemuuzia kwa jumla, hata kama unaweza kuuza chini zaidi. Wenzangu wanaona hapo ninawaumiza wanunuzi. Lakini mnunuzi wa kisiwani hanunui khanga mtandaoni akavushiwa moja mpaka mlangoni; hanunui, basi. Ananunua dukani, na duka likifungwa atavuka mpaka Mkoani kwa ajili ya sabuni.

Anayebisha na asinibishie mimi. Afungue orodha yake ya mauzo ya mwaka jana, aache kuipanga kwa ukubwa wa oda kama programu inavyompangia, aipange kwa majina ya wateja na jumla ya walichokilipa. Atazame kumi wa juu. Kisha atazame, mbele ya kila jina, ni wangapi kati yao waliwahi kupewa ile bei ya dazeni.